Kinu Kitupu

Kizwite, Sumbawanga
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwako Dada Silvana,

Shikamoo dada yangu, na Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama basi tafuta kigoda kwanza. Goti linaendeleaje? Na mbu wa Mtowisa, wamekubakizia damu kidogo? Huku juu Juni imeingia na upepo wake. Asubuhi navaa sweta mbili na kitenge juu yake, na bado meno yanagongana. Mahindi tumevuna, ulezi unakauka. Mwili wangu ni mzima. Habari za roho zitafuata.

Barua hii nampa Hellena, yule mama anayeshuka bondeni kununua mchele. Atakukabidhi mkononi kesho. Usimpe mtu akusomee, vaa miwani yako mwenyewe. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili, juzi jioni na jana, na mara zote mbili ulilia, ukawalaani Wasukuma, kisha ukakata. Barua huwezi kuikata. Labda uichane, lakini kwa ninavyokujua utaichana ukiwa umeshaimaliza.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa mwanao Steven alivamiwa na majambazi Jumatano ya wiki iliyopita, wakamvunja mkono na kumpasua kichwa. Umeagiza ashushwe huko kwako Jumanne ijayo pamoja na mkewe Faith na mjukuu wetu Jane, ili Faith amuuguze mumewe mbele ya macho yako. Tena umeambiwa polisi wamemkamata mume wa Sayi, jirani yetu, kwa kuwa Steven alisema waliompiga ni Wasukuma wachunga ng'ombe na huyo mmoja alimtambua. Jumatatu anapelekwa mahakamani. Dada, katika hayo yote cha kweli ni mkono na kichwa tu. Aliyempiga mwanao namjua. Nitakutajia, ila niache nifike huko kwa mwendo wangu.

Nianze na Sista Rosaura, maana najua umesikia kwamba ndiye anayetuharibu. Kwao ni Peru, huko Amerika ya Kusini, kwenye milima yenye baridi kuliko hii yetu, wanakolima viazi. Kiswahili anakisema kama mtu anayekanyaga matope, lakini anafika. Kila Alhamisi anatukusanya wanawake kumi na tano kwenye ukumbi wa parokia, tunashona na kusoma. Watu wanaita uwezeshaji. Neno hilo tulilijua zamani kutoka kwenye semina: unakaa, unakunywa soda, unasaini, unarudi nyumbani ulivyokuja.

Alhamisi moja, mwezi wa tano, akatuuliza hekima ni nini, sisi ni nani, na nguvu zetu ziko wapi. Kila mtu akainamia mshono wake. Basi akaanza yeye. Alisema kijijini kwao alikuwa binti wa mama anayefuma mablanketi, hakuwa na jina kubwa kuliko hilo. Alipotumwa Marekani kuwahudumia wahamiaji ndipo akaambiwa yeye ni Mlatina, yaani mtu wa nchi yoyote ya kusini mwa Marekani. Alilivaa jina hilo kama koti la kuazima. Ndani yake walisukumwa watu wa nchi ishirini wasiofanana hata chakula, na kikiibiwa kitu mtaani, mwizi ni hao. Lakini wanawake walipokuwa wote ndani ya koti moja, walianza kupeana joto. Walianza kujuana, kusindikizana, kusemeana. Sayi akacheka, akasema koti hilo analifahamu. Alikuja Ufipa akiwa na miaka tisa, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, watoto watano amewazaa hapahapa Sumbawanga, lakini mbuzi akipotea yeye ni Msukuma. Sisi Wafipa tukaangalia sakafu. Mimi niliangalia zaidi, maana mbuzi aliyepotea mara ya mwisho alikuwa wangu, na aliyemsingizia ni mimi.

Kisha tukafika kwenye hekima. Sista alisema babu yake akilewa alikuwa anampiga bibi yake, na bibi alikuwa anaimba kwa sauti ili majirani wasikie wimbo. Familia nzima ilimsifu kwa busara. Miaka ya baadaye wanawake wa mijini huko kwao wakanunua filimbi: anayepigwa anapuliza, wenzake wanatoka na masufuria. Alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Bibi yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na akili nyingi, ila zote alizitumia kumficha aliyempiga."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Sababu unaijua wewe peke yako chini ya jua hili.

Unakumbuka kinu cha mama kilivyokaa karibu na mlango wa jikoni. Baba akirudi kutoka kwenye pombe na kufunga mlango wa ndani, mama alikuwa anatuambia neno moja tu, twangeni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi minane. Tulishika michi, wewe ukishusha mimi nainua, ili majirani waseme mabinti wa Alois wana bidii. Mahindi yakiisha tulitwanga pumba, pumba zikiisha tulitwanga kinu chenyewe. Ndani mpini wa jembe ulikuwa unatua mgongoni mwa mama, na sisi tulijifunza kuutegea, kishindo juu ya kishindo, usisikike. Siku aliyovunjwa mbavu tulitwanga mpaka viganja vyangu vikachubuka, na mpita njia akatusifu. Mama alitoka amejifunga kitenge kwa nguvu kifuani, akasonga ugali. Jioni ile alituambia hasira ni kama nyasi. Unazifukia ndani ya tuta, zinaoza, mwakani zinalisha mahindi. Hiyo ndiyo hekima tuliyorithi, na tuliipokea kwa mikono miwili. Tulimzika na mbavu mbili zilizounga vibaya.

Sasa nije kwenye Jumatano ile. Saa saba mchana nilikuwa nampelekea Faith unga wa ulezi. Kabla sijafika uani kwao nikasikia kinu. Dada, nani anatwanga Kizwite siku hizi? Mashine ya kusaga iko hatua mia kutoka kwao. Kile kinu cha mama ulimpa Faith siku ya harusi kiwe ukumbusho, na kazi yake imekuwa kukalisha wageni. Tena mlio ulikuwa mkavu. Kinu chenye nafaka hulia kwa sauti nzito, kitupu hugonga mti kwa mti. Magoti yangu yaliutambua mlio huo kabla ya masikio.

Jane alikuwa amesimama peke yake uani, mtoto wa miaka minane, mchi umemzidi kimo, anatwanga kinu kisicho na punje. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Nilimuuliza nani kamwambia atwange. Akanijibu, bila kuacha, kwamba ni Bibi wa Mtowisa, alimfundisha Krismasi alipokuja: baba akianza, wewe twanga, watu wasimcheke mama yako.

Vuta pumzi, dada. Siandiki hili nikuchome. Najua ulimfundisha kwa mapenzi, kama tulivyofundishwa sisi, na kama Jane angekuwa amelala kwangu Krismasi ile huenda ningemfundisha mimi. Lakini nililisikia, na unga wa ulezi nikautua chini.

Nilifungua mlango. Faith alikuwa chini, kati ya kitanda na kabati. Steven alikuwa amemkanyaga shingo kwa kiatu, na mkanda ulikuwa mkononi, anampiga kwa upande wenye chuma. Alikuwa anamuuliza kwa utaratibu kabisa, kama mwalimu, ni nani huyo Sista anayewafundisha kujibu wanaume, na kila swali lilikuwa na pigo lake. Jino lilikuwa sakafuni. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu hadi halionekani. Faith alikuwa amejiziba mdomo kwa pindo la kitenge ili asipige kelele, naye hajawahi kumwona mama yetu hata siku moja.

Basi nimefika, dada. Hapakuwa na majambazi wala Msukuma. Ni mimi.

Niligeuka uani nikampokonya Jane mchi. Pigo la kwanza lilimpata begani, akaiachia shingo. Akageuka, akaniona, akainua mkanda ili anipige mimi mama yake mdogo, na pigo la pili likampata mkononi. Mfupa ukivunjika haulii sana kama watu wanavyodhani. Akaanguka kwa magoti akiniita mama mdogo, mama mdogo, kwa sauti ile ya utoto wake nilipokuwa nambeba mgongoni. Hapo ingetosha. Faith alikuwa ameshajiburuta hadi mlangoni, mkanda ulikuwa umedondoka, hakuna aliyekuwa hatarini tena. Nikainua mchi mara ya tatu, nikampiga kichwani.

Hilo ndilo ninaloungama kwako kabla ya padri. Pigo la tatu halikuwa la Steven, lilikuwa la baba. Nimelitunza miaka hamsini, na nimelishusha kwenye kichwa cha mwanao. Zile nyasi alizosema mama hazikuoza, dada. Kwangu mimi zilichipua. Sijutii la kwanza, sijutii la pili. La tatu linaniamsha.

Damu ilikuwa nyingi, nikafikiri nimeua. Tulimfunga kichwa kwa shuka, tukampakia kwenye bajaji. Njiani akapata fahamu akaninong'oneza, "Mama mdogo, sema ni majambazi." Hospitali walitaka PF3, ile fomu ya polisi, na polisi wakataka maelezo, naye akayatunga. Aliona afadhali avunjwe na wanaume sita kuliko na bibi mmoja mwenye kiuno kibovu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Majambazi wasio na jina hawakunisumbua, niliona hawamdhuru mtu. Juzi Alhamisi, darasani, kiti cha Sayi kilikuwa kitupu, na Sista akatuambia mumewe amechukuliwa. Ule uongo wetu ulikuwa umetafuta Msukuma wa kumvalisha, kama mbuzi wangu.

Liko na la mwisho. Mwezi wa tatu nilipita nyumbani kwa Steven nikasikia kinu vilevile. Nilisimama, nikajua, nikafungua mwavuli nikaendelea na safari. Mvua ilikuwa hainyeshi.

Jana nilikwenda kwa Sayi nikamweleza yote. Hakunipa kiti. Alinisikiliza nimesimama mpaka mwisho, akasema Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa kituo cha polisi, kisha akaingia ndani. Sista Rosaura alipoambiwa alisema filimbi ni ya kuwaita wengine ili mtu asilazimike kuwa peke yake na mchi. Nadhani hiyo ndiyo hekima niliyoikosa. Jumatatu nakwenda kueleza kwa mdomo wangu, na mchi nimeufunga kwenye gunia kama kielelezo. Faith anakwenda nami kusema lake, mbele yao, jicho lake likiwa bado limevimba. Wakinifunga, wanifunge. Ufunguo wa nyumba yangu nimempa Faith, ana chumba, ana shamba la ulezi, ana cherehani. Usimtume mtu kumfuata. Steven ni mwanao, muuguze wewe, na ukimuuguza mwulize. Mtazame usoni akikujibu.

Lakini nakuomba upande Sumbawanga, hata kama ni kuja kunitukana. Nitakuambia kwa nini. Jane yuko kwangu tangu siku ile. Juzi jirani alimfokea mbwa wake, Jane akatoka mbio akaokota mwiko akaanza kugonga sufuria, uso mkavu, midomo inahesabu. Jana fundi alikuwa anapigilia bati, akafanya hivyohivyo. Na siku ile ile ya Jumatano, baba yake akiwa amelala kwenye damu na mchi uko mikononi mwangu, alichungulia mlangoni akaniuliza, "Bibi, niendelee kutwanga?"

Nimemwambia aache. Mama yake amemwambia aache. Anajibu kwa adabu kwamba aliyemwambia atwange ni Bibi wa Mtowisa, na Bibi wa Mtowisa hajamwambia aache. Mimi siwezi, dada. Sista hawezi. Ni wewe peke yako. Njoo umwambie.

Wasalimie wote walioko nyumbani, na majirani walioniulizia. Hellena atakusubiri asubuhi ya Jumatatu kwenye gari, nafasi ya mbele nimeshakuwekea kwa ajili ya goti. Beba sweta. Mungu akulinde njiani, na akikufikisha salama usibishe hodi kwa nguvu, mtoto anashtuka.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nainua mchi wewe ukishusha,

Evodia