Injini ya Gari la Kaka Cuthbert

Mkomaindo, Masasi
Oktoba

Kwako Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Natumaini hapo Dodoma mnaamka salama, wewe, wifi Violet na watoto, na kwamba mgongo wako umepunguza kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Jua ni kali, mikorosho imezaa, na Mama hajambo kule Mkunya, Newala, ingawa kuna jambo amenituma ambalo utalikuta mbele. Salamu nazikatisha hapo kwa sababu nina hasira, na sitaki kujifanya sina.

Naandika barua kwa kuwa kwenye grupu la familia hakuna mtu anayeweza kuzungumza na wewe. Unatoa amri, unafunga mjadala, na aliyekuudhi unamwondoa. Mdogo wetu Nehemia umemwondoa kabla hajajibu hata neno moja. Barua hii huwezi kuiondoa. Utaichana, sawa, lakini utakuwa umeshaisoma.

Umeamuru gari lako jekundu lisiwekewe injini nyingine. Umeandika kwamba mdogo wetu ameiua injini kwa kushindana na bodaboda, kwamba mtu asiye na mke wala kazi ya kueleweka hapewi kitu cha maana, na kwamba gari likatwe na kuuzwa vyuma chakavu kabla ya Krismasi. Ukoo ukakupigia makofi ya simu. Binamu Edmund, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akaongeza kwamba yeye alijua tu.

Gari lenyewe sijawahi kulipenda, na unakumbuka. Ulipolileta kutoka Mtwara ukiwa ofisa kijana, nilikwambia kigari cha mbio cha milango miwili, kinachokwaruza tumbo kwenye kila tuta, ni matusi kwa barabara zetu. Ukacheka. Ukaringa nalo, ukapata cheo, ukapewa gari la serikali lenye dereva, na hilo jekundu ukalitelekeza uani chini ya turubai. Nehemia ndiye aliyelifufua. Alitoa viota vya panya kwenye viti kwa mikono yake. Leo hakuna bibi harusi wa Mkomaindo, Mkristo kwa Mwislamu, anayekubali kutoka kwao bila kupanda gari hilo. Watoto wakimwona Nehemia wanaita, “Bwana Harusi huyo!” naye hajaoa. Mtu mliyemwita mzigo nyumbani amepata jina mtaani, na jina hilo limekaa juu ya matairi yako. Wewe unataka kulikata kwa gesi!

Tangu amri yako ameacha kutoka nje. Begi lake limefungwa. Anasema atavuka Ruvuma akatafute kibarua Msumbiji, na mtu wa kumzuia hayupo, kwa sababu sote tumeshaambiwa na mkubwa kwamba yeye ni mzembe.

Nilikwenda gereji kwa fundi Hamidu nikiwa na nia ya kugomba. Aliponiona akauliza kama mwalimu amekuja kumsahihishia kazi. Nikamwambia nimekuja kujua ukweli. Akafunua boneti akanionyesha: silinda hedi imepinda, pistoni zimeng'ang'ania, na kuikarabati injini ile ni kujidanganya. Lakini bodi halina kutu na giaboksi ni nzima. Njia akaona ni mbili: kuagiza Dar es Salaam injini ya mtumba ya aina ile ile, au kukata na kuchomelea ili iingie injini ya Noah. Kwa hiyo ya pili, akasema, gari litatembea, ila litakuwa kama padri aliyevaa jezi madhabahuni. Nikamuuliza kuhusu mbio. Akatikisa kichwa. Injini hii, akasema, imekufa kwa kiu. Rejeta ilikuwa inavuja, Nehemia alikuwa anasubiri nyingine, na siku zote alipopanda Newala alibeba dumu la maji nyuma.

Nikamfuata Nehemia chumbani. Dumu lilikuwa wapi siku ile? Akaangalia dari, akasema alilisahau. Kaka, mimi nimefundisha watoto wa watu nusu ya maisha yangu, mtu anayedanganya namjua. Nikamfokea. Akaomba radhi kwa kosa asilotaka kulitaja, nami nikatoka nikiwa karibu kukubaliana na wewe, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Jumamosi nikapanda Mkunya kumpa Mama habari za begi lile. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza yote, gari kuzimika karibu na Chiungutwa, rejeta kavu, dumu lililosahauliwa. Mama akasimamisha kisu. Akaniuliza dumu hilo lilikuwa la rangi gani. Nikasema la njano, kama madumu yote. Akauliza kwa sauti ndogo, “Kwani yale maji yalikuwa ya gari?”

Siku ile Nehemia alimpelekea dawa ya miguu. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka, na unajua kiangazi cha kwetu juu. Wakati anakula ndani, Mama aliona dumu limejaa nyuma ya gari, akafanya jambo ambalo mama yeyote wa Mkunya angefanya mwanawe akija na maji: akalishusha, akayamimina kwenye pipa lake, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nehemia akatoka mlangoni na mikono bado ina ugali, akakuta anabarikiwa kwa Chimakonde mbele ya watu, anaambiwa wakubwa wamesahau lakini huyu amekumbuka. Gari limeshapanda mlima, maji ya rejeta yameshapungua. Akasema, “Ndiyo, Mama, nimekuletea.” Akateremka hivyo hivyo, akitumaini kupata maji Chiungutwa. Hakufika.

Wewe ungesema hayo ni ya gari. Mimi pia, nikiongezea hotuba. Yeye alinyamaza pale, akanyamaza nilipomfokea, na angevuka mto akiwa amenyamaza, ili mama yetu asijue kwamba alishangilia kifo cha injini.

Sasa aliyonituma Mama. Injini iwekwe, na iwe ya aina yake, si ya Noah. Ufunguo akabidhiwe Nehemia. Na uje mwenyewe umwambie hivyo uso kwa uso, si kwa simu. Begi nimelifungia kabatini kwangu hadi ufike.

Nisalimie sana wifi na watoto, na mgongo wako uukande kwa maji ya moto, kwa kuwa huko mnayo. Mama naye anakusalimu. Yale maji ya dumu yamebaki kidogo chini ya pipa. Ameyafunika kwa ungo na hagusi hata tone, anaomba kikombe kwa jirani. Anasema hayo si yake, yana mwenyewe, yanasubiri injini.

Mdogo wako asiyekuogopa,
Loyce (Mama Queen)