Taa Yenye Sitazima

Mutoto yangu Ornella wa Kisangani,

Siye tuko salama. Kompteri ya kupima umeme yenye uliniwekea, hapa Bunia hakuna mwingine kwa kartie yetu mwenye iko nayo. Majirani banakuja kuiangalia, mimi nabaelezea kama injenieri!

Ulinipigia: "Papa, kompteri inanionyesha kwa telefone taa inawaka mupaka asubui. Ukiendelea vile, sitakulipia tena kuran ya umeme."

Kompteri haikudanganya. Lakini haikukuambia kama tantine yako Martine, dada yangu, alikimbia vita kule Djugu. Iko kwangu na batoto yake. Giza ikiingia, batoto banapiga kelele. Taa ikiwaka, banalala. Sikukuambia, juu mimi si mutu wa kuomba-omba.

Sitaizima. Kuran ikiisha, nitauza mbuzi yangu kubwa ninunue mishumaa.

Ni miye papa yako Augustin, kichwa nguvu kama zamani.