Mstari wa Mbele wa Soko Letu

Kijijini, Nachingwea
Jumatatu, baada ya mkutano

Kwako mdogo wangu Bakary, Ruangwa.

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Zulfa, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Ufuta umetoka shambani, mikorosho imeanza kutoa maua, na Mama anakula vizuri na kugombana vizuri zaidi. Anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimechagua barua kwa sababu simu unaweza kuikata. Barua hata ukiitupa, Zulfa ataiokota na kuisoma.

Habari kubwa ya huku ni soko. Limekamilika: paa la bati jipya, vizimba vya saruji vimepangwa mistari, na mstari wa mbele unatazama barabara, pale yanaposimama magari ya kutoka Chiola na Mtua. Msingi ulipochimbwa tuliahidiwa kwamba wa kwanza kupewa vizimba watakuwa wale wanaouza chini hivi sasa. Unamjua wa kwanza wao. Shangazi Zaina amekaa kwenye gunia lake kando ya barabara ile tangu mumewe afariki, akiuza mihogo ya kuchemsha na dagaa, mvua ikimwingia shingoni, na kwa gunia hilo amesomesha watoto. Basi siku moja akaambiwa kwamba vizimba vimekwisha kugawiwa, na kwamba soko likifunguliwa hakuna ruhusa ya mtu kuuza chini. Akauliza wamepewa nani. Akajibiwa kwamba hilo ni suala la ofisi.

Suala la ofisi! Mdogo wangu, nimesoma vitabu vingi kuhusu dhuluma za dunia hii, na karibu kila moja ilianza na mtu aliyesema jambo la watu wote ni suala la ofisi. Mchanga tulisomba sisi. Maji ya saruji walibeba akina mama. Ikifika kugawana, mlango unafungwa na pazia linashushwa!

Nikadai mkutano mkuu wa kijiji. Nilisumbua mpaka mwenyekiti akawa akiniona anabadili njia, na mwisho mkutano ukaitishwa, palepale sokoni. Mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Saturnini, alisimama na kofia yake nyeusi, akatueleza kwa Kiswahili kile cha semina kwamba utaratibu ulizingatiwa na mchakato ulikuwa shirikishi. Wazee wa nyuma wakawa wanaulizana kwa Kimwera huyu anasema nini. Nikasimama mimi. Nikaanza na Ibara ya kumi na nane ya Katiba, nikapita kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa, nikafika mpaka kwa Wagiriki wa kale waliokuwa wakiamua mambo yao uwanjani. Nilikuwa motomoto, nakuambia. Nilipogeuka nikaona nusu ya watu wanasinzia na nusu wanatafuna mihogo ya Shangazi. Saturnini akanishukuru kwa mchango mzuri na kunitaka niuweke kwa maandishi.

Hapo ndipo aliponyanyuka Mwanawetu, yule mama muuza vyungu. Yeye na Saturnini ni watani, kabila kwa kabila, na unajua mwenyewe mtani ana ruhusa gani. Akaenda moja kwa moja mpaka mezani, akamvua mtendaji kofia, akaivaa yeye juu ya mtandio, akatangaza kwamba kuanzia sasa mtendaji ni yeye, maana huyu wa zamani ameharibika na fundi hayupo. Watu wakaangua kicheko, waliosinzia wakaamka. Saturnini angefanya nini? Mtu anayemkasirikia mtani wake hapa kwetu atachekwa mpaka siku ya mazishi yake, na siku hiyo ndiyo atachekwa zaidi. Akacheka na yeye, huku anajifuta jasho.

Mtendaji mpya akatoa amri yake ya kwanza: hataki kusomewa majina, kila aliyepewa kizimba aende akasimame kwenye kizimba chake, sasa hivi, watu wamwone.

Bakary, sijaona sheria nzuri kama hiyo katika kitabu chochote. Watu wakaenda, wauza nyanya, wauza vitenge, fundi baiskeli. Mstari wa nyuma ukajaa, wa kati ukajaa. Wa mbele ukabaki mweupe kabisa. Mwanawetu akapita mbele yake polepole, mikono mgongoni kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride, akaviamkia vizimba vitupu kimoja kimoja. Akasema kumbe mstari wa mbele wamepewa majini, na yeye hana tatizo na majini, ila anaomba kuelezwa wanauza nini na wanapokea pesa za aina gani.

Hapo nikaona saa yangu imefika. Nikapanda juu ya kreti la soda. Safari hii walinisikiliza! Nikauliza wako wapi wenye vizimba hivi. Nikasema hawa ni watu wanaoishi mbali, wanaotaka kukodisha jasho letu kwetu wenyewe, na kwamba hawana hata ujasiri wa kutuma ndugu zao waje wasimame mchana mbele ya watu.

Mkono wangu ulikuwa bado juu, mdogo wangu, pale Mama alipoinuka upande wa wanawake. Akajifunga kanga vizuri, akatembea taratibu, akaenda kusimama kwenye kizimba cha tatu cha mstari wa mbele.

Watoto wakasogea mbele waone. Mwanawetu akamuuliza kwa adabu, Mama unauza nini? Mama akajibu kwamba yeye hauzi kitu, ila mwanawe Bakary wa Ruangwa alimwambia kwa simu kwamba amepatiwa kizimba na Bwana Saturnini, na ikitokea kuulizwa akasimame. Imetokea, amesimama. Kisha akaomba kiti, kwa kuwa yeye ni mwenye kizimba.

Kicheko kilichofuata mmekisikia huko Ruangwa, sina shaka. Kuna mzee alikaa chini kabisa. Mimi nilikuwa juu ya kreti, sina pa kujificha, na Shangazi Zaina ananitazama. Hakucheka. Alinitazama tu kuona nitasema nini.

Basi nikasema. Nikataka kizimba cha tatu kiwe cha kwanza kurudishwa. Nikasema kwa sauti kubwa mno, kwa sababu Mama alinijibu nisimpigie kelele, yeye si kiziwi, na kwamba kama Bakary angemwambia kuwa ni nafasi ya Zaina asingesimama hata kidogo. Akatoka mwenyewe, akamwamkia wifi yake, akarudi kukaa.

Mkutano ukaamua mstari wote wa mbele ugawiwe upya, palepale. Tukaweka korosho ghafi kwenye ndoo, chache tumezipaka chokaa, moja kwa kila kizimba, ndoo ikafunikwa kanga, na wote wasio na kizimba wakapita kuchomoa moja moja. Kizimba chako amekipata Imrani fundi viatu. Shangazi alichomoa korosho nyeupe, akapata cha mwisho kabisa, jirani na mtaro. Nikamwambia pole kwa mtaro. Akasema niache pole zangu, mtaro una harufu ila hauna siri. Saturnini ameagizwa aje ajieleze kikao kijacho, na kofia ameikomboa kwa kuku jogoo.

Sikuchukii, mdogo wangu. Najua hukujua kwamba Shangazi amekosa, kwa sababu hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu uliambiwa jambo hili ni la chinichini. Ndivyo kufunga mlango kunavyomgeuza mtu mwema kama wewe kuwa jini.

Mkutano ujao ni Jumamosi baada ya mnada. Ajenda ya yatokanayo ina kipengele kimoja: maelezo ya ndugu Bakary, atakayefika mwenyewe. Hoja niliileta mimi, na kabla mwenyekiti hajauliza nani anaunga mkono, Mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

Wasalimie Zulfa na watoto, na majirani wote wanaotukumbuka. Njoo na sabuni, huku imepanda bei.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Shaibu