Jino la Mghoi

Kaloleni, Nairobi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii? Sisi tupo, ila nyumba yetu imepooza. Usishtuke: mjukuu wako Mghoi yu hai.

Alianza kulalamika jino la nyuma, lile lililotoboka. Nilimpa maji ya chumvi asukutue, nikamwekea karafuu kama ulivyotufanyia sisi utotoni. Maumivu yakatulia, kisha yakarudi. Baba yake akasema, "Hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." Jirani yetu, Mama Achieng, akasaga aspirini na kuibandika kwenye ufizi. Ufizi ukababuka, mtoto akazidi kulia.

Jumapili tulipotoka kanisani, shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba. Mwili unawaka, mate yanamchuruzika kwa kuwa hawezi kumeza. Baba yake alimbeba, tukakimbilia hospitali.

Daktari alimpapasa shingo, akaniuliza, "Mama, mlikuwa mnangoja nini?"

Alisema usaha umeshuka shingoni, na ungeweza kumziba pumzi. Wakampasua chini ya taya, wakang'oa jino. Tulikaa kwenye benchi na mume wangu, kila mtu anatazama upande wake. Mpaka leo hatujalizungumza.

Muuguzi alinieleza bila kunigombeza: jino likitoboka, mtoto apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia. Akivimba uso, akipata homa au akishindwa kumeza, msilale naye nyumbani.

Ndiyo sababu ninaandika upesi. Mdogo wake, Mwadime, yuko mikononi mwako. Sikukosoi, Mama, karafuu yako ndiyo iliyotulea. Lakini ukimwona anashika shavu, tafadhali mpeleke kwa daktari, usiningoje mimi.

Mghoi tumemrudisha nyumbani. Mdomo bado haufunguki vizuri, anakunywa uji tu. Wenzake wakimwita nje kucheza, anajifunika khanga yangu.

Nisalimie Baba, na dada yangu Saru anayekuchotea maji, na mjomba seremala. Mwadime mkumbatie kwa niaba yangu.

Nilimwuliza Mghoi nikuandikie nini. Akasema kwa shida, "Mwambie Nyanya niling'olewa jino na sikulia."

Alilia, Mama. Tulilia sote.

Mwanao,
Wakesho