Koili Niliyoipima Ikiwa Moto

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu kosa nililifanya mbele za watu. Siku tuliyokuzika Karungu nilishika maikrofoni nikasema, "Baba angekuwa hapa leo kama angenisikiza. Aliniahidi ameacha sigara, kumbe alirudia kisiri." Waombolezaji walitikisa vichwa. Mzee Odera peke yake, mwenzako wa kushona nyavu, aliangalia chini. Nilidhani anakuonea aibu wewe. Kumbe alikuwa ananionea mimi.

Acha nianzie pale tulipokuwa tunapatana.

Daktari wa Homa Bay aliitazama picha ya kifua chako akakuambia, "Mzee, chagua: sigara au wajukuu." Ulikuwa umevuta miaka arobaini na miwili. Mama alikufa akikohoa moshi ambao hakuuvuta yeye, na mimi hilo sikuwahi kukusamehe. Lakini sikutaka kuzika wawili. Nilirudi kibandani kwangu Migori, pale ninapotengeneza simu na redio, nikaushika ugonjwa wako kama ninavyoshika redio iliyokufa. Shule yangu iliishia darasa la nane, Baba, unajua. Mengine yote nilifundishwa na bisibisi. Nikatafuta kifaa cha kuvuta mvuke, kile vijana wanakiita vepu, na roli ndogo ya waya wa nikeli kutoka Isebania. Koili tatu za kwanza, yaani waya uliozungushwa unaochemsha maji ya mvuke, niliziunguza nikijifunza. Sikuvuta; nilikuwa nikibonyeza tu na kuangalia pamba inayofyonza hayo maji ikigeuka kahawia.

Nilipokuletea, nilikueleza kama ninavyomweleza mteja. Nikeli ikipata joto, ukinzani wake unapanda. Kifaa kinapima huko kupanda, kinajua joto limefika wapi, kisha kinapunguza umeme kabla pamba haijaungua. Ila lazima kwanza kiijue koili ikiwa baridi kabisa. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ikiwa ya uongo, zote zinazofuata ni za uongo.

Ulicheka mpaka ukakohoa, ukaniita "binti yangu" kwa Kijaluo chetu. "Nyara, yaani siku hizi hata kuvuta kunataka hesabu?"

"Hesabu ndiyo itakuweka hai."

"Haya, mhandisi wa Migori. Lete huo waya."

Mimi nilikuwa nimeshindwa kitu kimoja tu. Nikeli ni laini, na mizunguko yake ilikuwa ikigusana, namba zinarukaruka kwenye kioo. Wewe uliutazama waya kwa jicho lile la kutazama wavu uliochanika. Ukachukua kipande cha nailoni cha kuvulia, ukakilaza kando ya waya, ukavizungusha vyote viwili kwenye bisibisi yangu mara kumi, kisha ukachomoa nailoni taratibu. Nafasi zikabaki sawa kama macho ya wavu. "Macho yakigusana, wavu umekufa," ukasema. Niliifunga ile koili, nikaisubiri ipoe, nikapima. Ohm sufuri nukta moja mbili. Haikutikisika hata kidogo. Tukaweka joto nyuzi mia mbili na kumi, ukavuta, ukaachia wingu hadi kwa Mzee Odera.

"Jamani, huyu anavuta redio!" akapiga kelele. "Tupe basi habari ya saa saba!"

Wiki kumi na moja hukugusa sigara. Nilikuwa nazihesabu.

Halafu siku ile. Nilifika nikakuta shati lako linanuka kuungua, na kikohozi kimerudi. Sikukusalimia hata.

"Umerudia sigara."

"Sijagusa, nyara."

"Baba, nimekua ndani ya moshi wako. Hii pua haihitaji kufundishwa."

Ukanyoosha mkono, kifaa kiko kwenye kiganja. "Kiangalie basi. Hiki kitu chako kinanichoma koo."

Nami nikakujibu lile neno ambalo silali vizuri kwa sababu yake: "Kifaa hakidanganyi. Mtu ndiye hudanganya." Nikakutajia Mama. Nikaondoka, na ule mkono wako nikauacha hewani.

Siku thelathini na nne sikupiga simu. Ya thelathini na tano nikapigiwa mimi. Moyo wako ulikuwa umesimama asubuhi, ukiwa umekaa kwenye nyavu zako.

Baada ya mazishi Mzee Odera alikuja hadi kibandani Migori, safari yote hiyo na goti lake lile. Akaweka mezani kifaa chako, na sindano yako ya mbao ya kushonea nyavu.

"Binti, siku ya mazishi nilinyamaza, maana hatubishani na mwenye kilio. Lakini baba yako hakuvuta. Hii redio yake ilimuunguza, akaiacha. Akawa anaweka hii sindano mdomoni, anatafuna tu. Siku moja nikampa sigara nimjaribu. Akasema, 'Wacha, Odera, nilimwahidi nyara.'"

"Mbona hakuniletea nitengeneze?"

"Alisema, 'Hasira zikimwisha nitampelekea. Nikienda sasa ataona nimekuja kujitetea.'"

Alipoondoka nilikiwasha. Joto lilikuwa bado mia mbili na kumi. Namba ya kuanzia: sufuri nukta moja tano.

Baba, koili yako ilikuwa moja mbili. Nikaikumbuka ziara yangu ya kabla ya ule ugomvi. Nilikuwa na haraka, mteja yuko kwenye simu. Ulikuwa umetoka kuvuta, nikafungua tangi nikuongezee maji yake, nikalirudisha, koili ikiwa bado moto. Kioo kikauliza: koili mpya, au ni ile ile? Nikabonyeza "mpya" bila kukatiza maongezi. Kifaa kikaamini kuwa ule moto ndio ubaridi. Nimepiga hesabu mara nne nikitafuta mahali pa kujificha, na kila mara jibu ni lile lile: mahali palipoandikwa mia mbili na kumi, wewe ulikuwa ukipokea karibu mia tatu. Nilifungua nikakuta pamba nyeusi kama mkaa. Ile harufu ya shati lako ilikuwa kazi ya mkono wangu.

Sijui kama ndiyo iliyouchosha moyo wako. Hilo sina kipimo chake. Ninachojua ni kwamba ulisema kweli na mimi nikakuita mwongo, ukiwa hai na ukiwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo waliosikia maneno yangu Karungu na wasome haya: baba yangu aliacha sigara, na aliyekosea ni fundi. Jumapili nitasimama kanisani kwenu niyaseme kwa mdomo, Mzee Odera akiwa benchi la mbele, asiangalie chini tena.

Sindano yako iko hapa mezani. Mbao yote ina alama za meno. Unanijua mimi na hesabu, nilianza kuzihesabu. Nilipofika sitini na tatu nikashindwa kuona.

Pumzika, Baba. Ule mkono wako nimeupokea, ingawa nimechelewa.

Ni mimi nyari,
binti yako uliyemwahidi, ukatimiza.