Subiri Kwanza, Mama

Anomabo, 20 Agosti 1986

Mdogo wangu Ekow,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika Tamale salama, na koo lako limepona lile vumbi la njiani. Huku sisi wazima, samaki wapo, Mama anakula. Basi, hizo ndizo salamu. Sasa nisikilize.

Tangu Jumapili uliyohubiri hapa, Mama hajaanzisha wimbo. Kanisani anakwenda, anafunga kitambaa chake cheupe, anakaa palepale karibu na nguzo. Mhubiri akifika pakavu, kina mama wote wanageuka kumtazama yeye aanzishe, naye anatazama miguu yake. Juzi mzee Otoo alihubiri mpaka watu wakasinzia, na hakuna aliyempokea kwa wimbo. Kina mama wenzake wanaona haya kumtangulia Mama.

Ulimnyooshea mkono, Ekow. Mbele ya kanisa zima ukasema, "Subiri kwanza, Mama." Hapa kwetu nani amewahi kumnyamazisha mama aliyeinuka kuimba katikati ya mahubiri? Hata wachungaji wa kizungu walikuwa wakisimama wakifuta jasho mpaka wimbo uishe. Mama alikaa polepole, kama mwanafunzi aliyekosa jibu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wasalimie Adwoa na watoto.

Dada yako,
Araba


Tamale, 4 Septemba 1986

Dada yangu Araba,

Nakusalimu kwa heshima. Adwoa anakusalimu pia. Watoto wazima, ila mdogo ana kikohozi.

Dada, unanionea. Mwenyekiti wa Wilaya ya kanisa letu alikuwa amekaa mbele pale, na huku nilikozoea, mchungaji akisema watu hukaa kimya. Mkono uliinuka wenyewe. Sikukusudia kumvunjia heshima, wewe unanijua.

Nimemwandikia Mama kurasa mbili za kumwomba radhi, ziko humu ndani. Msomee wewe, asiyachoshe macho yake.

Mdogo wako,
Ekow


Anomabo, 21 Septemba 1986

Ekow mdogo wangu,

Hujambo? Poleni na kikohozi cha mtoto, mpeni tangawizi.

Nilifungua ile bahasha, nikasoma "Mama mpendwa," Mama akainua kidole kama bado anafundisha darasani. "Huyo nilimfundisha kusema kabla sijamfundisha kuandika," akasema. "Aje aseme." Barua akaichukua, akaikalia. Unacheka? Mimi nilicheka, kisha nikaona hacheki.

Nikamuuliza, "Lakini Mama, siku ile ulikuwa na haraka gani? Mwanao hata hajakolea kuhubiri." Akanijibu, "Aligeuza kurasa mbili pamoja. Alikuwa kwa Hana analilia mtoto, mara yuko kwa Samweli mzee mwenye mvi. Nikaona jasho. Nilimwimbia apate nafasi ya kutafuta ukurasa wake."

Hakuna mwingine aliyegundua, Ekow. Sisi tulidhani ndiyo elimu yenyewe.

Njoo Jumamosi hii. Lete mayai, viazi vikuu nitaviponda mimi, mle sahani moja, yaishe. Mama hataki zaidi ya hapo.

Dada yako,
Araba


Tamale, 6 Oktoba 1986

Dada Araba,

Salamu. Mtoto amepona, asante kwa tangawizi.

Jumamosi ile sikuweza. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona nilikudanganya. Haikuwa Mwenyekiti. Mama aliponyanyuka tu nilijua ameniona nimepotea. Ndicho kilichoniudhi. Mtu mzima, joho mwilini, na bado mama yake anamshika mkono avuke barabara. Nikautupa ule mkono wake.

Naona aibu kumtazama usoni. Nitakuja baada ya kikao cha Wilaya, mwishoni mwa Novemba. Mwambie nakuja, na kwamba nitasema kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Ekow


Tamale, 3 Desemba 1986

Dada yangu,

Pole. Pole sana wewe uliyemfumba macho.

Telegramu yako ilinikuta kikaoni, tunabishana kuhusu rangi ya mavazi ya kwaya. Ningeomba ruhusa wiki mbili nyuma, ningepewa. Sikuomba. Sina wa kumsingizia. Yule mama alinisubiri na barua ameikalia, na mimi nabishana zambarau au bluu.

Wajomba wameagiza niandike maisha yake, niyasome siku ya mazishi mwezi ujao, ndugu wote wakishafika. Nimeandika habari za ukoo, jinsi Baba alivyoichumbia sauti yake kabla ya sura, kwa kuwa Mama alikuwa amekaa nyuma ya nguzo. Nimeandika habari za shule, alivyomrudisha darasani yule msichana Efua aliyejifungua, akakubebesha wewe mtoto wake mgongoni mpaka kipindi cha hesabu kiishe. Habari za imani nazo nimeandika, na wasichana wote waliolala chumbani kwetu wakasoma kwa taa yetu.

Nikifika kwenye nyimbo, mkono unagoma. Niandike nini? Kwamba aliimba miaka hamsini, akanyamazishwa na mwanawe?

Dada, nakuomba. Siku ile nikifika hapo, nikatishe. Inuka uimbe. Sauti yake unayo, ila umezoea kuificha jikoni.

Mdogo wako,
Ekow


Anomabo, 20 Januari 1987

Ekow,

Nakusalimu. Nyumba imepoa tangu mlipoondoka. Turubai zimerudishwa, sufuria pia, isipokuwa moja ambayo shangazi anasema ni yake.

Siku ile ulisoma vizuri. Ulipofika kwenye nyimbo ukakwama. Ulikuwa unatazama karatasi, lakini mimi nilijua huoni kitu. Kina mama wote walinigeukia. Wimbo ulikuwa mdomoni mwangu, Ekow, ule wa Hana, aliokuanzia Mama. Nilikuwa nimeshashika kiti ninyanyuke.

Sikunyanyuka. Nilisema moyoni, acha asimame hapo, aonje. Ukasimama. Ukatoa leso, ukaiangusha. Ukanitazama, nami nikatazama miguu yangu. Mpaka mpiga kinanda akakuonea huruma akapiga wimbo wa kitabuni, na Mama yetu akazikwa kwa wimbo wa kitabuni, kama mgeni.

Nilidhani nitafurahi. Tangu hapo silali vizuri. Wewe ulimkatisha kwa kiburi cha dakika moja, kisha ukajuta. Mimi nilikusudia. Na yeye aliyekuwa amelala pale mbele yetu, angeniona nakuacha hivyo, angenichapa mbele ya jeneza lake mwenyewe.

Nilipokuwa nafua vitu vyake niliikuta bahasha yako. Haijasomwa kupita yale maneno mawili ya mwanzo. Lakini ameishonea mfuko ndani ya kitambaa cheupe cha kanisani, akawa anaivaa. Sikujua.

Nisamehe. Sitakuandikia kurasa mbili. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao wanatafuta mhubiri. Nimewaambia nitamwuliza ndugu yangu. Viazi vipo.

Dada yako,
Araba


Tamale, 2 Februari 1987

Dada Araba,

Salamu kutoka kwetu sote.

Nitafika Jumamosi ya kuamkia Jumapili hiyo, na mayai. Nitahubiri habari za Hana, tangu mwanzo. Sitakuja na karatasi.

Kaa karibu na nguzo.

Mdogo wako,
Ekow