Schmalspurbahn na Jina Langu

Jumatatu, 10 Machi
Nimefagia chumba cha maonyesho cha makumbusho yetu ya reli, nimepangusa taa ya stesheni. Kisha bango likaja kutoka kwa wachapaji. "Schmalspurbahn: Historia ya Neno." Kazi yangu ya miezi minne, kwa Kijerumani nilichofundishwa na sista mmishenari kule Bukoba. Chini: Imeandaliwa na Masanja. Bosi wangu! Jina langu hakuna, hata kwa herufi za sisimizi. Nimekasirika kweli.

Jumatano, 12 Machi
Schmal, nyembamba, zamani ilikuwa "dogo" tu, hata mbuzi na kondoo waliitwa hivyo. Spur, nyayo. Bahn, njia. Basi, reli nyembamba, kama hii yetu ya zamani. Kwenye bango na kwenye hotuba niliandika kwamba Bahn imetokana na Bann, marufuku. Nilitaka iwe hivyo: njia ya kufukuzia watu kwenye mashamba yao. Leo nimefungua kamusi kubwa. Si kweli. Huenda ni njia iliyofyekwa tu.

Masanja hajui Kijerumani hata salamu. Simwambii ng'o. Na aumbuke.

Ijumaa, 14 Machi
Wageni wa ufunguzi ni kesho, wamo walimu wawili Wajerumani watakaovuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga. Masanja anafanya mazoezi ya kusoma hotuba na karatasi zangu. Kaniuliza, "Koku, kila kitu kiko sawa?" Kiko sawa, bosi. Nimefurahi mno. Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Jumamosi, 15 Machi
Kasoma vizuri. Alipofika kwenye Bann, mwalimu mzee Mjerumani akainua uso. Nikangoja. Masanja akaweka karatasi chini. "Jamani, wachapaji wamechukua jina langu kwenye oda. Kazi yote ni ya Kokushubira. Simama, mama, wakuone! Makofi ya kilo!"

Nikasimama. Ukumbi mzima ukapiga. Baadaye yule mwalimu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbele ya watu, hiyo Bann nimeitoa wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 17 Machi
Nimempa Masanja karatasi ya masahihisho. Akauliza nilijua lini. Jumatano, nikasema.

Bango jipya alilokuwa ameagiza lilishafika, jina langu kubwa, kosa lile lile chini yake. Akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalitundika. Hakuniangalia.